Kula Mara Nane Nyumbani kwa Baba

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba tumbo lako la chakula litatolewa lote, ukatoka kwa daktari hukumbuki hata ulikoweka simu yako, haya nakuandikia wewe. Mimi langu lilitolewa. Leo nina mwaka mmoja na miezi minne sina tumbo, na asubuhi hii kabla ya saa nne nilikuwa nimeshafungua injini mbili za pikipiki na kugombana na mteja mmoja. Kwa hiyo kwanza vuta pumzi.

Naitwa Hamisi. Nina miaka ishirini na nne, ni fundi pikipiki hapa Kabuku, barabarani kabisa. Daftari nilianza kuandika hospitalini kwa sababu sina subira. Kusubiri kunaniumiza kuliko sindano, na nikiandika angalau dakika zinasogea. Humu nachagua yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Maumivu yalianza wakati wa kuvuna mahindi. Nikala dawa za vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa, miezi mitatu, najiandikia mwenyewe kama daktari. Sikutaka foleni. Hilo ni kosa langu, na kama na wewe unafanya hivyo sasa hivi, acha, nenda kapime. Siku niliyotapika kitu cheusi kama masalia ya kahawa ndipo baba alinipeleka Korogwe, kwa dada yake, Shangazi Mwanahawa, na hospitali ya pale ikaniandikia kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Wakaniingiza mpira wenye kamera kooni, wakachukua kinyama. Majibu yalikuja vuli imeanza kunyesha. Saratani.

Nilipigwa dripu nne za dawa ya saratani kwanza. Nywele zikaisha, nyusi zikaisha, ladha ya kila kitu ikawa kama msumari. Vuli ikaisha. Kiangazi kilipoingia daktari, mama mmoja mfupi anayeongea taratibu, akatuita mimi na baba akachora kwenye karatasi.

"Tunakata hapa na hapa. Tumbo lote linatoka. Halafu tunachukua utumbo mwembamba, tunaupandisha juu, tunaushona kwenye bomba la kumezea. Upande huu mwingine unaoleta nyongo tunauunga huku chini. Inakuwa kama herufi Y."

Baba akaangalia ile karatasi muda mrefu. "Sasa daktari, chakula kitakaa wapi?"

"Hakitakaa, mzee. Kitapita."

Baba akageuka kuniangalia kama vile ni mimi niliyetoa hilo wazo.

Tulipotoka kwenye korido nikamwambia, "Baba, mtu akiniletea pikipiki tangi limetoboka, nafanyaje? Natoa tangi, natundika kachupa ka petroli kwenye usukani, naunga mpira moja kwa moja. Pikipiki inawaka, haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi ndiyo hiyo."

Akatembea hatua kama kumi. "Lakini kachupa kanajazwa kila saa," akasema. "Na ukijaza kwa pupa inamwagika."

Alikuwa ameelewa kuliko mimi, ila siku ile sikumsikiliza.

Upasuaji wenyewe sina la kusema, nilikuwa nimelala. Niliamka na mshono kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu, mipira mitatu imetoka mwilini, na kiu ambayo sijawahi kuona. Siku za kwanza walinilowesha midomo kwa pamba. Kila sista aliyepita nilimuuliza, "Leo nakunywa?" Mmoja akanijibu, "Kaka, hizo nyuzi humo ndani ndiyo kwanza zinashikana. Ukizikimbiza zitaachia, na wewe utatuachia." Nikanyamaza mpaka zamu yake ikaisha, halafu nikamuuliza mwenzake.

Walipoona nyuzi zimeshika wakaniruhusu kijiko kimoja cha maji. Nakumbuka nilikisikia kikishuka, kikapita pale ambapo zamani kingetua, kikaendelea. Nikacheka, mshono ukauma, nikaacha kucheka.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa na kilo arobaini na tisa, mimi niliyekuwa na sitini na moja. Makalio yalikuwa yameisha, hivyo benchi za mbao zikawa adui yangu. Daktari akanipa masharti. Kula mara nane kwa siku, kidogo kidogo, utafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Usinywe maji wakati wa kula. Sukari hapana. Sindano ya vitamini kila miezi mitatu, maisha yako yote. Mwisho akaweka kalamu chini.

"Umebakiza dripu nne. Tunaanza baada ya wiki sita. Lakini zile dawa ni kali, siwezi kumpiga mtu mifupa mitupu. Ukija chini ya kilo arobaini na sita, sianzi. Na tukichelewa sana, hazitakuwa na maana tena. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Kilo tatu za kupoteza, wiki sita. Nikaona kazi rahisi.

Sasa nikueleze nyumba ya baba yangu. Kwa Mzee Sefu mtu hali peke yake. Baraza letu liko pembeni ya njia ya watu wanaokwenda mashambani, na tangu nikiwa mdogo chakula cha wanaume kinawekwa pale kwenye sinia moja, na anayepita mkiwa mnakula lazima aitwe. "Karibu tule" haisemwi kwa mdomo tu. Ukisema huku unamaanisha "pita zako", baba anajua, na utaisikia. Akimkuta mtoto anakula nyuma ya mlango alikuwa anamwita jina moja tu: fisi.

Na mgonjwa akirudi kutoka Dar, watu wanakuja kumwona. Kiangazi kile mashamba yalikuwa hayana kazi, kwa hiyo walikuja wote.

Wa kwanza alikuwa Shangazi Mwanahawa kutoka Korogwe, na chupa ya uji wa ulezi. Ndani kulikuwa na maziwa, asali, na sukari ya kutosha harusi.

"Kunywa baba yangu, damu irudi."

"Shangazi, nimekatazwa sukari."

"Hii siyo sukari, hii ni asali. Nimeamka saa kumi kuupika huu."

Ningekataaje? Na ukweli, nilikuwa na hamu. Nikanywa kikombe kizima kwa mafunda manne. Haikufika nusu saa, moyo ukaanza kwenda kama injini iliyotolewa sailensa. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole, macho yakaona giza, utumbo ukakata, nikakimbilia chooni nikiwa nimeshika ukuta. Shangazi alikuwa anapiga kelele, "Sefu! Mwanao anakufa! Wamemmaliza!" Majirani wakajaa. Mmoja akasema ni mkono wa mtu. Baada ya saa moja nilikuwa mzima, nimekaa kwenye mkeka, nina njaa. Uji mtamu umeteremka kwenye utumbo wote kwa mpigo, hakuna tumbo la kuuzuia. Uchawi haumo. Kama ikikutokea, lala chini, itapita, na kesho ukatae uji hata wa shangazi.

Lakini uji haukuwa ndio tatizo langu. Tatizo lilikuwa sahani.

Chukua siku moja kama mfano. Saa nne asubuhi mama ananiletea kisahani, wali wa kupondaponda na kipande cha samaki. Kiasi cha mtoto anayeanza kula. Nimetia kijiko cha kwanza, wanaingia watu watatu.

"Hodi hapa! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Karibuni," nasema. Na baba yuko pale. "Karibuni tule."

Wananawa. Kisahani kinaisha kwa tonge moja moja. Wanasema wamenionjea tu, wasinivunje moyo. Saa sita hivyo hivyo. Saa nane hivyo hivyo. Halafu kuna bwana mmoja, rafiki wa baba, alinikuta mara mbili siku moja akaangua kicheko: "Huyu kijana kila nikija anatafuna! Ugonjwa wa kunenepesha huo, Mzee Sefu. Na mimi niuombe?" Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Nikaona aibu. Nikaanza kula chumbani nyuma ya mlango, nimekaa kwenye ndoo, naogopa kusikia "hodi". Na mtu akiogopa anakula haraka. Chakula kinakwama kifuani kama ngumi, unasubiri kishuke au kirudi juu. Mara nyingine kilipanda. Nikaona bora niruke. Kula mara nane ikawa tano, ikawa tatu. Mama aliona. Alikuwa ananiangalia suruali ninavyoifunga kwa kamba, anageuka pembeni.

Wiki sita zikaisha. Dar es Salaam, mizani: arobaini na nne na nusu.

Daktari hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akaandika, akasema, "Leo sianzi. Nakupa wiki mbili. Baada ya hapo, Hamisi, sitaki kukudanganya. Nitakuwa nakupiga dawa iliyochelewa."

Nikatoka nikakaa kwenye benchi la korido. Baba alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kutawadha. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, ana khanga begani, akafungua mkoba akatoa yai la kuchemsha. Akalimenya taratibu mbele ya watu kama thelathini, akang'ata kipande kidogo kama punje ya hindi, akatafuna. Akaniona namkodolea macho.

"Karibu," akasema. "Ila nakukaribisha kwa mdomo tu. Usinyooshe mkono."

Nikacheka bila kutaka. "Mama na wewe huna tumbo?"

"Mwaka wa pili huu. Natoka Lutindi kule juu. Wewe?"

"Kabuku."

"Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Kule kwenu machungwa na samaki wa Pangani, unashindwa nini?"

Nikamweleza. Wageni, baraza, baba, mlango, ndoo. Alisikiliza huku anatafuna. Alipomaliza yai akapangusa vidole.

"Kwetu pia hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa ananiambia nakula kama mwizi. Nikamwambia, chagua: nile mbele yako kama mchoyo, au ukaribishe watu kwenye matanga yangu wale wao." Akafunga mkoba. "Wewe mwambie baba yako. Hajui, huyo. Wanaume wanadhani chakula ni heshima. Kwetu sisi chakula ni dawa. Dawa unagawa?"

Nilitaka kumwambia baba kwenye basi nikashindwa. Nilimwambia tulipofika nyumbani, mchana, tena vibaya. Mama alikuwa ameleta sahani, jirani akapiga hodi, baba akasema, "Hamisi, mkaribishe mgeni." Nikaweka kijiko chini.

"Simkaribishi. Baba, hii heshima yako itaniua. Nimebakiza wiki mbili na kilo moja na nusu, na unataka nigawe!"

"Hamisi!" mama akasema. "Unamjibu baba yako hivyo mbele za watu?"

Jirani akasema atapita siku nyingine, akaondoka. Baba alisimama. Alivaa kofia yake, akachukua jembe, akaenda shamba, saa nane ya jua. Hakurudi mpaka magharibi. Katika daftari siku hiyo nimeandika mstari mmoja tu: Nimemtukana baba na bado nina njaa.

Asubuhi yake mvua za kwanza za masika zilikuwa zimenyesha na kila mtu yuko mbio kupanda. Saa moja mama akaniletea uji wa chumvi na karanga. Baba akatokea kutoka nyuma ya nyumba, akanawa, akakaa mbele yangu kwenye mkeka. Ana kijiko chake mkononi.

"Kwangu mtu hali peke yake," akasema.

Nikasema moyoni, basi, ameamua kuniua.

Akachota nusu kijiko. Akameza. "Alhamdulillahi, nimeshiba," akasema, akaweka kijiko chini na kukaa pale pale. Alinisubiri. Nilikula dakika ishirini na tano, tonge na pumziko, tonge na pumziko, yeye anaangalia barabara. Nilipomaliza akainuka, akaenda shamba.

Saa tatu akarudi, jembe begani, matope mpaka magotini. Nusu kijiko. Nimeshiba. Akakaa. Hapo ndipo akapita yule bwana wa kicheko.

"Aah, nimewafuma! Mnakula tena?"

Nikamtazama baba. Baba hakuinuka.

"Karibu sana, ndugu yangu. Ila sahani hii imeshajaa, ina watu wake wawili. Kaa kwenye mkeka ule, Mama Hamisi anakuletea chai."

Bwana akaangalia kile kisahani, akatuangalia. Sahani ikijaa watu unakwenda nyingine. Hakuna mtu wa huku asiyejua hilo. Akaenda kwenye mkeka ule. Akanywa chai. Alipoondoka alisema, "Mzee Sefu siku hizi una mimba? Kula saa tatu!"

"Ya mapacha," baba akamjibu.

Alifanya hivyo mara nane kwa siku. Shamba liko robo saa kwa miguu. Wenzake walimaliza kupanda, yeye alikuwa bado yuko nusu, kwa sababu kila akichimba mistari miwili ilikuwa saa ya kurudi. Nikamwambia, "Baba, panda kwanza, mimi nitakula." Akasema, "Mahindi yanaweza kuchelewa." Hakuna zaidi. Kuhusu yale maneno yangu hatukuyazungumza siku ile wala mpaka leo. Nilimwomba radhi kupitia mama, mama akampelekea, ndivyo tunavyofanya kwetu.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kutafuna. Unaweza kucheka, lakini kwa mtu kama mimi kutafuna tonge moja mpaka liishe mdomoni ni kazi kuliko kufungua gia boksi. Mayai, samaki, kisamvu cha karanga, ndizi za kuponda. Siku ya nne nilitapika mara mbili, nikatupa kijiko, nikasema sili tena. Baba akakiokota, akakiosha, akakirudisha. "Bado ya saa tisa," akasema. Siku ya saba nililala mchana wote bila kukimbilia choo hata mara moja.

Nilishindwa kusubiri nikaenda kujipima kwa mnunuzi wa mahindi, kwenye ile mizani ya magunia. Jamaa akasogeza vyuma. "Gunia hili halijajaa," akasema. Arobaini na nne na nusu. Siku ya kumi, arobaini na tano. Siku ya kumi na tatu, arobaini na tano na robo. Nikarudi nyumbani, nikamwambia baba imeshindikana, basi la kesho tunapoteza muda.

Baba alikuwa anakwangua matope kwenye jembe. "Umejipimia wapi?"

"Kwa mnunuzi."

Akaangalia juu. "Yule? Miaka yote ananipunja mahindi, ije iwe leo akupe kilo zako zote? Kesho tunakwenda."

Nilivaa suruali nzito, na nikaweka spana mbili mfukoni. Nakiri hilo. Sista akaniangalia tu: "Vua viatu, na toa hivyo vyuma, fundi." Nikapanda mizani nimefumba macho. Akaniambia nifumbue. Arobaini na sita, na gramu mia tatu.

Daktari akaangalia ile namba, akaniangalia mimi, akavuta karatasi ya dawa. "Tunaanza leo."

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Mbona una haraka na kitu kinachotapisha?"

Baba alikuwa kwenye benchi nje. Nikamwambia wamekubali. Akavua kofia, akapangusa kichwa, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Usiwacheleweshe."

Nililazwa siku moja. Dripu zilizobaki ziliisha masika imekwisha na mahindi ya baba, yaliyochelewa kupandwa, yakiwa bado mabichi. Lakini ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Kesho yake tulipanda basi la asubuhi, na kabla hatujafika Chalinze dawa ikanishika. Nikatapika, nikatapika tena, na katikati ya kutapika nikajikuta natabasamu kama mwendawazimu, kwa sababu mtu ambaye hajaanza dawa hatapiki hivi. Baba alikuwa ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili chini ya kidevu changu, anauangalia usimwagike.

"Tapika, baba," akasema. "Ukimaliza tule."